Kasma na Sanduku la Kodi: Ukaguzi wa Matumizi katika Jimbo la Magharibi

Katika Tanganyika ya kikoloni, jimbo halikuwa na hazina yake. Mkuu wa Jimbo, awe Kigoma au Tabora, alikuwa na idhini tu ya kutumia fedha za hazina ya Dar es Salaam. Makadirio ya mapato na matumizi yaliandaliwa huko na Mweka Hazina wa serikali, yakajadiliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, yakapelekwa London kwa Waziri wa Makoloni. Yaliporudi yakiwa yameidhinishwa, kila idara na kila jimbo liliarifiwa fungu lake: mishahara kiasi hiki, safari za maofisa kiasi hiki, matengenezo ya barabara, chakula cha wafungwa, sare za matarishi. Kiasi kilichotengwa kwa kazi moja ndicho kasma. Matumizi yalihesabiwa kuwa yamepita kiasi mara tu shilingi ya kwanza ilipolipwa juu ya kasma, hata kama kasma ya pili yake ilikuwa haijaguswa.

Jambo hilo ndilo lililowatia matatani maofisa wengi wa mabomani. Afisa wa Kasulu aliyebakiwa na fedha za safari hakuruhusiwa kuzipeleka kwenye daraja lililozolewa na mvua za masika mpaka aombe kibali. Barua yake ilipita kwa Mkuu wa Jimbo, ikasafiri kwa reli takriban kilomita 1,250 kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, na kama kiasi kilikuwa kikubwa, ikavuka bahari hadi London. Wakati huo wote barabara imekatika, na chumvi ya Uvinza na mahindi ya wilayani vimekwama upande mmoja. Mwenye busara alijenga kwanza, akalipa vibarua, kisha akaomba ruhusa. Mkaguzi alipofungua vitabu, malipo hayo yalikuwa na kosa lilelile la malipo ya mtu aliyetapanya fedha kwa uzembe: yote mawili yalikosa kibali.

Kanuni ilikuwa na upande wa pili. Fedha ambazo hazikutumika mpaka mwaka wa fedha kwisha zilirudi hazina, na afisa aliyerudisha nyingi alijipalia makaa, kwa sababu mwaka uliofuata angekatiwa. Ndiyo maana miezi ya mwisho ya mwaka ilikuwa miezi ya ununuzi wa haraka. Mfumo huu uliwafunza watumishi kuona kasma kama haki ya kutumia, na tabia hiyo ilidumu kuliko serikali iliyoizalisha.

Chanzo kingine cha matumizi ya ziada kilikuwa umbali. Vifaa vingi, kuanzia mabati na nondo hadi dawa na mashine za chapa, viliagizwa kupitia Mawakala wa Serikali za Makoloni waliokuwa Millbank, London. Mawakala walilipa wauzaji, kisha wakatuma hesabu Dar es Salaam. Kati ya siku ya kuagiza na siku ya kuijua bei halisi pamoja na nauli ya meli na bima ilipita miezi. Daftari la kasma lililotunzwa na karani wa boma lingeweza kuonyesha salio zuri huku fedha hizo zikiwa zimekwisha kulipwa Ulaya. Afisa aliyeliamini daftari lake peke yake alivuka mpaka bila kujua.

Ukaguzi uliosimamia mambo haya ulikuwa na mizizi katika Bunge la Uingereza. Kamati ya Hesabu za Umma iliundwa huko mwaka 1861, na sheria ya mwaka 1866 ikaweka cheo cha Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Kwa makoloni, idara ya pekee ya ukaguzi ilitengwa mwaka 1910 chini ya Mkurugenzi aliyekaa London. Mkaguzi wa Tanganyika alikuwa na ofisi Dar es Salaam, lakini katika hoja za hesabu hakupokea amri kutoka kwa Gavana. Aliweza kuihoji hati ya malipo iliyotiwa saini na afisa mkubwa kuliko yeye, na taarifa yake ilifika kwa Mkurugenzi, kisha kwa Waziri wa Makoloni. Uhuru huo ulikuwa wa kweli, na haifai kuudharau. Afisa aliyelipa bila idhini angeweza kutakiwa kuirudisha fedha hiyo kutoka mshahara wake. Pengo lilikuwa kwingine: katika njia yote hiyo, kutoka sanduku la kodi la Heru, huko Kasulu, hadi meza ya London, hapakuwa na kituo hata kimoja ambapo mlipa kodi alisomewa hesabu.

Hali hiyo haikuanza na Waingereza. Wajerumani walitangaza kodi ya kibanda mwaka 1897, rupia 3 kwa nyumba ya shamba, na kuanza kuikusanya mwaka uliofuata. Katika wilaya za kiraia, nusu ya kodi hiyo iliachiwa mifuko ya wilaya, ambayo serikali kuu iliivunja karibu yote mwaka 1909. Bajeti ya koloni zima ilipigiwa kura na Bunge la Berlin, na vitabu vikakaguliwa na mahakama ya hesabu ya Dola iliyokuwa Potsdam. Mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliteka Kigoma, kisha Tabora mwezi Septemba, na Kamishna wa Kifalme, Jenerali Malfeyt, akaiweka ofisi yake Kigoma. Ubelgiji iliachia eneo la Kigoma mwaka 1921. Katika muda usiozidi robo karne, mtu wa Buha, yaani nchi ya Kasulu na Kibondo, alikuwa chini ya serikali tatu, na vitabu vya kila moja vilifungwa Ulaya.

Chini ya Waingereza, sheria ya kodi ya kibanda na ya kichwa ya mwaka 1922 ndiyo iliyoweka msingi. Pamoja na ushuru wa forodha, kodi hiyo ilikuwa nguzo ya mapato ya nchi. Kisha akaja Sir Donald Cameron, Gavana kuanzia 1925 hadi 1931. Mwaka 1926 aliigawa nchi katika majimbo 11, na Kigoma ikawa mojawapo. Mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Tawala za Wenyeji, na hazina za wenyeji zikaanzishwa. Ushuru wa jadi ambao watu waliwapelekea watawala wao, watemi na wami, kwa mazao, kwa mifugo na kwa siku za kulima mashamba yao, ulifutwa na kugeuzwa fedha. Kodi ikakusanywa yote kwa pamoja, na sehemu yake ikarudishwa kwenye hazina ya utawala wa mahali. Humo ndimo walimolipwa mwami, wasaidizi wake walioitwa watwale, makarani wa mabaraza na matarishi, na kilichobaki kikatengeneza njia, zahanati na shule.

Buha ilikuwa na tawala kadhaa za namna hiyo. Heru, Bushingo na Luguru zilikuwa upande wa Kasulu; Muhambwe na Buyungu upande wa Kibondo. Kila moja ilikuwa na makadirio yake madogo, yaliyotayarishwa kwa kusaidiwa na Bwana Shauri, yaani afisa wa wilaya, yakapitiwa na Mkuu wa Jimbo na kupelekwa kwa Gavana ili kuidhinishwa. Kwa hiyo jimbo lilibeba hesabu za aina mbili kwa wakati mmoja: fedha za serikali kuu zilizopitia boma, na fedha za hazina za wenyeji zilizolindwa na mwami na karani wake. Mkaguzi wa Dar es Salaam alizifuata za kwanza hati kwa hati. Za pili zilikaguliwa zaidi na maofisa wa wilaya wenyewe, watu walewale waliosaidia kuziandika. Huo ulikuwa udhaifu mkubwa wa mpango wa Cameron, kwa sababu anayeandaa bajeti hawezi kuwa mkaguzi mzuri wa bajeti hiyo.

Namna ukaguzi huo ulivyofanyika barazani inafaa kuelezwa, maana hapo ndipo fedha ya kikoloni ilipoonekana kwa macho. Sanduku la chuma lilikuwa, kwa kawaida, na kufuli mbili na funguo zilizokaa kwa watu wawili, ili mmoja asiweze kulifungua bila mwenzake. Tiketi za kodi zilikuja zikiwa na namba zinazofuatana, zimeshonwa katika vitabu, kila moja na kishina chake. Bwana Shauri alipofika kwa ghafla, hakuanza kwa kuhesabu shilingi. Alianza kwa kuhesabu tiketi. Karani aliyepewa tiketi 500, akaonyesha 120 ambazo hazijatolewa, alikuwa amejibu swali kabla ya sanduku kufunguliwa: tiketi 380 zimekwenda kwa watu. Kama kodi ya mahali hapo ilikuwa shilingi 6, ndani ya sanduku na katika stakabadhi za fedha zilizokwisha kupelekwa boma zilitakiwa kupatikana shilingi 2,280, bila kupungua senti. Baada ya hapo ndipo sarafu zilipomwagwa mezani na kupangwa mafungu.

Upungufu wa shilingi 60 ulikuwa tiketi 10, yaani kodi ya watu 10. Karani aliweza kueleza kwamba wazee fulani walisamehewa, na hapo akadaiwa orodha ya msamaha. Aliweza kusema kwamba mtwale alichukua fedha kwa safari ya baraza, na hapo ikadaiwa hati ya masurufu. Njia za wizi zilijulikana na zilikuwa chache: kupokea fedha bila kutoa tiketi, kumtoza mtu aliyepaswa kusamehewa, kuandika kwenye kishina kiasi pungufu, au kukopa kutoka sandukuni kwa nia ya kurudisha kabla ya Bwana Shauri hajaja. Hii ya mwisho ndiyo iliyowaponza wengi, kwa kuwa wengi walidhamiria kweli kurudisha. Adhabu ilikuwa kufukuzwa kazi, kushtakiwa, na mara nyingi jela.

Hesabu ya tiketi ilikamata wizi vizuri. Haikuweza kujua kama matumizi yenyewe yalikuwa na maana. Hazina ya wenyeji iliyotumia sehemu kubwa ya mapato yake kwa mishahara ya utawala ilipita ukaguzi bila doa, mradi kila mshahara ulikuwa kwenye makadirio. Zahanati isiyo na dawa haikuzaa hoja ya ukaguzi. Dawa iliyonunuliwa juu ya kasma ndiyo iliyozaa.

Hapa pana suala ambalo vitabu vya hesabu vya jimbo havikuweza kulionyesha hata vingekaguliwa na malaika. Sheria ya kodi iliruhusu mtu asiye na fedha kulipa kwa kufanya kazi. Katika miaka ya shida, njia hiyo ilitumika sana nchini, na hasa katika sehemu zisizo na zao la biashara. Buha ilikuwa mojawapo. Wenye nguvu waliondoka kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kama manamba, na kodi ya nyumbani ikalipwa kwa mshahara wa huko. Aliyebaki na kukosa shilingi aliitwa barabarani na jembe lake. Kazi yake ilihesabiwa kuwa kodi iliyolipwa, lakini haikuwa fedha taslimu iliyoingia sandukuni wala malipo yaliyotoka katika kasma ya barabara.

Matokeo yake kihesabu yalikuwa makubwa. Jimbo liliweza kupunguza kasma ya barabara, kutimiza amri ya kubana matumizi, na bado kutengeneza barabara. Gharama haikutoweka, ilihama kutoka kwenye daftari la boma hadi kwenye siku za mkulima, tena mara nyingi siku za kulima. Mkaguzi aliyetazama hati za malipo aliona kasma haikuvukwa na akaridhika, kwa haki kabisa kulingana na kanuni zake. Ukweli ni kwamba matumizi yalipita kasma, na walioyalipia hawakupewa stakabadhi. Mtu anayesoma leo makadirio ya miaka ile na kuona jimbo lililoishi ndani ya uwezo wake anapaswa kukumbuka safu hii isiyoandikwa.

Mtihani mkubwa ulikuja na mdororo wa uchumi wa dunia. Miaka ya mwisho ya Cameron ilikuwa ya matumaini. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ya Moshi ikafika Arusha mwaka 1929, na serikali ikaongeza maofisa, majengo na mikopo. Mapato ya nchi yalikaribia paundi milioni 2 katika mwaka wa fedha wa 1929/30. Bei ya mkonge, pamba na kahawa ilipoanguka, miaka miwili baadaye mapato yalikuwa takriban paundi milioni 1.5, huku mishahara na riba za mikopo zikidai kiasi kilekile. Katika Buha pigo lilipita kwenye mkonge: mashamba yalipopunguza watu na ujira, vijana walirudi mikono mitupu, na kodi ya wilaya ikaanza kubaki nyuma.

Mwaka 1932 Waziri wa Makoloni alimtuma Sir Sydney Armitage-Smith kuchunguza fedha za Tanganyika. Alikuwa mtu wa hazina ya Uingereza, aliyewahi pia kuwa Katibu Mkuu wa tume ya fidia za vita baada ya 1918. Taarifa yake ina tarehe ya Septemba 26, 1932, na ilichapishwa kama waraka wa Bunge. Haikuwa ukaguzi wa hati. Yeye aliuliza kama nchi ilikuwa na uwezo wa kujilipia serikali iliyokuwa nayo, na jibu lake lilikuwa hapana. Aliona kwamba gharama za kudumu zilijengwa juu ya mapato ya miaka mizuri, kana kwamba miaka hiyo ingedumu, na akataka matumizi yakatwe.

Jambo moja katika taarifa hiyo linastahili kukumbukwa zaidi ya yote. Armitage-Smith alitazama pia upande wa mapato na kuonyesha jinsi umoja wa forodha na Kenya na Uganda ulivyoiumiza hazina ya Tanganyika. Ushuru mkubwa uliwekwa ili kuwalinda wazalishaji, hasa walowezi wa Kenya, dhidi ya bidhaa za nje. Tanganyika iliponunua bidhaa hizo za Kenya badala ya zile za ng'ambo, haikupata ushuru, na mnunuzi wake alilipa bei ya juu. Kwa maneno mengine, sehemu ya pengo la bajeti ilitokana na sera. Ukaguzi wa kawaida haukuwa na jicho la kuona hasara ya namna hiyo, kwa sababu fedha ambayo haikuwahi kuingia haina hati. Ilihitaji mgeni mwenye mamlaka ya kuuliza swali pana. Ushauri wake kuhusu gharama ulifuatwa haraka kuliko ule kuhusu forodha, jambo linaloonyesha ni masilahi ya nani yaliyokuwa mepesi kuguswa.

Kigoma ilionja ukataji huo moja kwa moja. Mwaka 1932, chini ya Gavana Sir Stewart Symes, majimbo 11 yalipunguzwa hadi 8. Jimbo la Kigoma lilifutwa na kuunganishwa na Tabora kuwa Jimbo la Magharibi, makao makuu Tabora. Ofisi moja ya Mkuu wa Jimbo, makarani wake, nyumba zake na safari zake zikaondoka kwenye makadirio. Kwa hazina ilikuwa nafuu. Kwa mtu wa Muhambwe mwenye shauri, mamlaka ya jimbo ilisogea kutoka Kigoma hadi Tabora, safari ya siku nyingine kwa treni baada ya safari ya kutoka milimani. Gharama hiyo ya umbali nayo haikuandikwa popote.

Wakati huohuo matumizi mapya yalijitokeza ambayo hakuna makadirio yaliyoyatarajia. Ugonjwa wa malale ulipopamba moto katika Kibondo na sehemu za Kasulu, serikali iliamua kuanzia 1933 kuwahamisha watu kutoka vijiji vilivyotawanyika porini na kuwakusanya katika makazi yaliyofyekwa ili mbung'o asiwe na kivuli. Madaktari na maofisa wa malale waliingia katika kasma ya matibabu. Ufyekaji, ujenzi wa nyumba mpya, kubeba vyakula na kuacha mashamba yaliyokwisha kulimwa kuliwaangukia wenyeji. Kiutabibu mpango ulikuwa na sababu zake nzito. Kihesabu, ulikuwa mfano mwingine wa mradi mkubwa uliofanywa na jimbo maskini kwa gharama ambayo vitabu vyake viliigusa pembeni tu. Nyuma ya vijiji vingi vya nyanda hizi, ambako leo ipo kata ya Rungwe Mpya, kuna historia ya watu kuhamishwa zaidi ya mara moja kwa amri ya serikali.

Miaka 15 hivi baadaye, Jimbo la Magharibi hilohilo lilipokea matumizi ya aina tofauti kabisa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki na Kati, na Februari 1947 serikali ya Uingereza ikatangaza mpango wa kulima karanga kwa mashine kwenye ekari milioni 3.2, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, kwa gharama ya karibu paundi milioni 25. Maeneo matatu yalichaguliwa: Kongwa, Nachingwea, na Urambo katika wilaya ya Tabora. Kazi ilianzwa na kampuni ya United Africa kama wakala, na mwaka 1948 ikachukuliwa na shirika la umma, Overseas Food Corporation, chini ya uenyekiti wa Leslie Plummer na usimamizi wa Waziri wa Chakula, John Strachey.

Mpango ulikwenda mrama tangu mwanzo. Matrekta yalikuwa masazo ya vita, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru, na vipuri vyake havikuoana. Ardhi ya Kongwa ilikauka na kuwa ngumu kama saruji. Shabaha ya mwaka 1947 ilikuwa ekari 150,000. Zilizofyekwa zilikuwa elfu chache. Fedha zilitoka kwa kasi ile ile iliyopangwa, na baadaye kwa kasi zaidi.

Kinachohusu mada hii ni vitabu. Sheria iliyounda shirika ilidai litunze hesabu zinazofaa. Wakaguzi wake, kampuni ya Cooper Brothers ya London, walipopitia mwaka ulioishia Machi 31, 1949, walikataa kutoa cheti safi na kusema wazi kwamba vitabu havikutunzwa inavyotakiwa. Katika lugha ya wakaguzi hakuna tamko zito kuliko hilo. Wanaposema matumizi yamezidi, wanakubali angalau kwamba kiasi kinajulikana. Wanaposema vitabu havitoshi, wanamaanisha kwamba hata kiasi chenyewe hakiwezi kuthibitishwa. Maghala yalikuwa yamejaa vifaa vilivyonunuliwa kwa pupa, na kumbukumbu za kilichoingia na kilichotoka hazikulingana na mahitaji ya hesabu. Novemba 1949 Bunge la Uingereza lilijadili suala hilo kwa ukali. Strachey alibaki waziri. Wakefield aliondolewa kwenye bodi. Januari 1951 serikali ilitangaza kuuacha mpango, na takriban paundi milioni 36.5 zikafutwa kama hasara.

Kiasi hicho ni karibu mara 18 ya mapato yote ya Tanganyika ya mwaka mzuri wa 1929/30, ingawa thamani ya paundi ilikuwa imeshuka kwa sababu ya vita. Ni haki kusema kwamba fedha hiyo ilikuwa ya walipa kodi wa Uingereza, na ndiyo maana Bunge lao lilipata nafasi ya kuuliza, magazeti yakaandika, na waziri akasimama kujieleza. Huo ni uwajibikaji, hata kama ulichelewa. Lakini katika jimbo hilohilo, karani wa baraza aliyepungukiwa shilingi 60 alihatarisha kwenda jela, na hakuna mtu wa Urambo aliyefungwa kwa sababu ya maghala yasiyo na vitabu. Ukaguzi wa kikoloni ulikuwa mkali kadiri fedha ilivyokuwa ndogo na mwenye kuishika alivyokuwa mnyonge. Tofauti hiyo haikuandikwa katika kanuni yoyote, na ilifanya kazi kila siku. Mabaki ya mpango yalikabidhiwa mwaka 1955 kwa Shirika la Kilimo la Tanganyika, na Urambo ikageuka kuwa nchi ya tumbaku.

Swali la nani apokee hesabu lilibadilika polepole. Baraza la Kutunga Sheria lililoanza mwaka 1926 lilikuwa na wajumbe 7 wasio wa serikali, Wazungu 5 na Wahindi 2. Waafrika wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliingia mwaka 1945. Kwa muda wa miaka 19, basi, bajeti iliyotegemea kodi ya kichwa ilipitishwa bila sauti ya mlipaji wa kodi hiyo. Katika Buha, Mwami Theresa Ntare alishika utawala wa Heru mwaka 1946, na kuwa mmoja wa wanawake wachache sana waliosimamia hazina ya wenyeji. Mwaka 1953 sheria ya serikali za mitaa ilifungua njia ya kuundwa halmashauri zenye wajumbe wa kuchaguliwa, ambazo hesabu zake zingejadiliwa barazani.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, ukaguzi wa fedha za umma uliwekwa chini ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa nchi yenyewe, na taarifa zake zikaelekezwa kwa Bunge la Dar es Salaam. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria, na kazi za hazina za wenyeji zikachukuliwa na halmashauri za wilaya. Halmashauri hizo nazo zilivunjwa mwaka 1972 wakati wa sera ya madaraka mikoani, kisha zikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 na kuanza kazi mwaka 1984. Leo hesabu za halmashauri za Kasulu na Kibondo hukaguliwa na ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inayotajwa katika ibara ya 143 ya Katiba ya 1977. Taarifa huwasilishwa bungeni, huchambuliwa na kamati ya hesabu za serikali za mitaa, na huchapishwa kwa umma, ili diwani wa Rungwe Mpya au mpiga kura wake aweze kusoma ni kiasi gani kilitengwa, kiasi gani kilitumika, na hoja zipi bado hazijajibiwa.